Chini ya Migomba

Jumanne usiku, Kitendaguro

Droni yetu huona majani ya migomba tu, ardhi ya chini haioni. Pale isipoona, programu ya kuchora ramani inapaswa kusema haijui. Lakini Deo, bosi wangu, aliamuru sehemu zote hizo ziandikwe kuwa ni wazi, eti mteja hapendi ramani yenye mabaka.

Leo tumeipeleka ramani hiyo Buganguzi, kupigilia vigingi vya mtaro wa maji. Mama mmoja akatoka jikoni mbio, mikono imejaa utomvu wa ndizi. "Jamani, hapo amelala mume wangu!"

Kweli, chini ya majani makavu kulikuwa na msalaba. Na Deo ni Mhaya! Baba yake mwenyewe kazikwa kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani kwao, kule Maruku.

Deo akatazama simu. "Kwenye ramani pako wazi." Kisha, bila hata pole, "Haya, sogeza kigingi."

Nikakisogeza. Yule mama hakutuaga.

Ila asubuhi tulipita vibanja ambavyo wenyewe hawakuwepo. Huko hakuna aliyetoka mbio. Vigingi tumeviacha, na kesho wachimbaji wanaanza na huko.