Vyote vya Kushoto

Ukumbi wa Maonyesho ya Viatu na Ngozi,
jioni ya kuamkia ufunguzi.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii ikikukuta umeinamia kazi, tafadhali toa misumari mdomoni kwanza, ukae sawa, ndipo usome. Habari za tangu tuagane? Mgongo unaendeleaje? Na shangazi, bado anakuchungulia kila mara kuona kama umekula, au umeshamtimua karakanani? Mimi ni mzima, nimefika salama, ila tangu niingie humu mdomo wangu haujafungika vizuri.

Ningeweza kupiga simu, lakini wewe na simu mnajuana. Unaita haloo, haloo, unalaumu mtandao, unakata. Barua unaisoma, tena unairudia. Kwa hiyo nampa huyu dereva wetu wa lori, Taratibu, anayegeuza kurudi huko jioni hii, nami nakuomba uisome mpaka chini kabla hujafanya lolote.

Nianzie wapi, Baba? Walipotuambia ukumbi, mimi nilifikiria ukumbi wa shule, wenye viti vya plastiki na feni moja inayolia. Kumbe ni jumba ambalo ukisimama mlangoni, mtu aliye upande wa pili humjui kama ni mwanamume au mwanamke. Mafundi wako juu ya ngazi wanafunga taa, wengine wanatandika mazulia, mashine zinashushwa kwa magari ya kunyanyulia mizigo, na harufu ya ngozi mpya imejaa kila mahali kama kwamba karakana yetu imepewa mabawa ikavimba. Nilisimama mlangoni na sanduku kichwani, nimeduwaa, mpaka bwana mmoja nyuma yangu akauliza kwa upole kama nami ni sehemu ya maonyesho, kwa sababu yeye alikuwa anaomba kupita.

Kuna banda zima, Baba, banda zima, linalouza vijipete vya kupitishia kamba tu. Vile ambavyo sisi vyetu vyote vinaenea kwenye kopo la majani ya chai. Kuna mashine inayoshona soli kabla hujamaliza kupiga chafya. Kuna ngozi laini hivi kwamba nilipoishika nikasahau kuiachia, mwenyewe akaja akanitoa vidole kimoja kimoja huku anacheka. Halafu nikafika kwenye ukuta wa kalibu, ile miguu ya mbao tunayotandikia ngozi, zimepangwa kuanzia za mtoto anayejifunza kusimama hadi za jitu fulani ambalo sijui linaishi wapi. Nikazikumbuka kalibu zako alizokuachia babu, zile ulizoziba nyufa kwa gundi na unga wa mbao. Machozi yakanilenga, sikufichi. Hayakuwa ya huzuni. Ni kule kutambua kwamba jambo tunalolifanya mimi na wewe kwenye chumba kimoja cha mbele, kumbe lina watu wengi namna hii nyuma yake, na wapo waliosafiri kutoka mbali kuja kubishana juu ya kisigino. Nilijiona mdogo, na papo hapo nikajiona nina ndugu wengi.

Sasa kaa vizuri.

Nilipata meza yetu, ya pembeni lakini yenye taa yake, nikatandaza kitambaa, nikafungua sanduku la kwanza. Nikapanga. Nikafungua la pili, nikapanga. Nilikuwa naona kuna kitu hakijakaa sawa, kama picha iliyoning'inizwa upande, lakini sikujua ni nini. Jirani yangu wa meza, mama mmoja mnene mchangamfu anayeuza gundi, ndiye aliyeniuliza kama wateja wetu wote huwa wanarukaruka kwa mguu mmoja.

Vyote vya kushoto, Baba. Vyote!

Unajua ilivyotokea. Rafu yetu ya mbele haijawahi kubeba kiatu cha kulia tangu enzi za babu, kwa sababu mwizi hana kazi na kiatu kimoja. Vya kulia hulala kabatini, na ufunguo hulala mfukoni mwako. Tulipoambiwa tulete viatu vya maonyesho, tukateremsha vilivyoko kwenye maonyesho. Wewe unapokea, unafuta, unapuliza vumbi, unanipa. Mimi nafunga kwenye karatasi. Mafundi wawili, macho manne, na hakuna aliyejiuliza vya kulia viko wapi. Kwa hiyo usinigombeze peke yangu. Tugombezwe sote.

Mwanzoni nilicheka na mama wa gundi. Kisha alipoondoka kwenda kutafuta chai, nikakaa chini. Sijasahau uliyosema tukifunga masanduku, kwamba hii ndiyo kete yetu ya mwisho, na tukirudi bila oda chumba cha mbele unampangisha yule muuza simu. Ulilisema huku umenipa mgongo. Nilijua umeshalifikiria siku nyingi.

Nikiwa nimekaa hivyo, shavu mkononi, akaja mama mmoja mrefu, amevaa viatu vya kisigino kirefu, anatembea kama anayekanyaga mahindi. Huyo, nikaja kuambiwa, ni mnunuzi wa maduka makubwa ya viatu, na ana desturi ya kupita siku ya matayarisho kabla watu hawajajaa. Hakuja kwetu kwa kuvutiwa. Alikuja kwa sababu sanduku letu tupu lilikuwa kiti cha kwanza alichokiona. Akakaa, akavua, akaomba radhi, akasema amelizunguka jumba zima lenye viatu vya kila aina na miguu yake inawaka moto. Akanyoosha mkono kwenye meza yetu aombe kujaribu jozi. Nikamweleza habari ya rafu na mwizi. Alicheka mpaka akajifuta macho.

Halafu akaangalia miguu yangu.

Mficha uchi hazai, Baba, wacha niseme. Nilisafiri na viatu vyangu. Ndiyo, vile vile. Vyenye kichwa kipana na ubavu unaofunguka, vile nilivyovibuni baada ya kuona shangazi amekata tamaa ya kuvaa kiatu. Vile ulivyovigeuza mara moja tu ukasema hiki si kiatu, ni mfuko wa mguu. Kwamba kiatu ndicho huufundisha mguu adabu, na kwamba nisithubutu kuviweka karibu na kazi ya babu. Sikuviweka. Nilivivaa tu. Lakini yule mama aliomba kuvijaribu, nami ningekataaje? Nikavivua nikampa.

Akasimama. Akatembea hadi meza ya jirani, akasita, akaendelea. Akapita mabanda ya ngozi, akapita mashine, akapotea. Mama wa gundi akanirudia na chai yake akasema leo babu ameumbuka, mwizi amepata jozi kamili. Tulimngoja sana. Alipotokea tena alikuwa anatembea polepole, na nikagundua kwamba hakuwa amechoka. Hakutaka kufika. Alivivua kwa shingo upande, akavipindua kutafuta chapa chini ya soli. Hakuna. Akaniuliza ni kazi ya karakana gani, mbona haina alama. Nikamjibu kwamba mwenye alama bado hajaikubali. Akasema yeye haagizi kiatu ambacho fundi wake mwenyewe amekikana, ila siku ya kufunga maonyesho atapita tena hapa.

Kwa hiyo ninavyoandika, viatu ulivyonikataza viko mbele kabisa kwenye meza yako, chini ya taa yako. Mimi mtoto wa fundi viatu, katikati ya jumba la viatu, niko pekupeku juu ya zulia. Lakini muhuri ulionipa wa kupigia karatasi za oda uko mfukoni mwangu wa ndani, na soli hizo sijazigusa nao. Naijua sheria yako. Hupigi muhuri kiatu mpaka kitembee hadi getini na kurudi. Sijawahi kuivunja, na hata leo sijaivunja.

Bado kuna jingine, na hili ndilo nililokuwa nalizungukia. Watu umewaambia hukuja kwa sababu ya mgongo. Baba, mgongo wako ni mzima. Ni miguu. Nimekuona unavyovua viatu chini ya meza mteja akigeuka, na unavyotafuta sababu ya kukaa kabla ya kuvivaa tena. Nimeona unavyonituma getini nikutembezee viatu, halafu unasema umesikia kwa masikio vinavyolia. Umevaa kazi ya babu maisha yako yote na sasa inakuumiza, na unaona ni kumvunjia heshima kusema.

Nyuma ya ngozi zilizokunjwa, chini ya benchi langu, kuna mfuko wa unga. Fungua. Kipimo nilikitoa kwenye kandambili zako, pale kidole gumba kilipochimba shimo lake. Shangazi anajua, usimkaripie.

Taratibu atarudi huku kesho kutwa, kabla yule mama mnunuzi hajapita tena. Vya kulia vyote vipakie, funga kabati, nawe ukae mbele. Kutoka lori linapoegeshwa hadi mlangoni ni mwendo, na kutoka mlangoni hadi meza yetu ni mwendo mwingine, tena njiani hutataka kukaa, maana nakujua, utasimama kwenye kila banda. Njoo umevaa hivyo vya kwenye mfuko wa unga. Ukifika vikiwa vimekuumiza, utavivua, nami sitatia neno. Nitavaa vyangu, tutarudi nyumbani, na muuza simu apewe chumba. Lakini visipokuumiza, muhuri ninao, na nyundo ya kuupigia nimeshaiazima kwa mama wa gundi.

Msalimie shangazi, mwambie nakula. Wasalimie wateja wote, na yule mzee wa viraka mwambie buti lake liko tayari, liko nyuma ya mlango. Nakutakia safari njema, nikiamini kwamba utasafiri.

Ni mimi binti yako mkaidi,
Msumari.

Nyongeza: Vyako ni jozi kamili. Nimevikagua kwa macho yangu, cha kushoto na cha kulia.