Ile Malaria Tuliyokupa

Mdogo wangu Elibariki,

Shangazi anasema unakula, unalala, na kliniki mnakwenda wote wawili. Anasema pia kwamba simu zangu zikiita unaziangalia tu. Sawa. Basi soma, maana barua haina mlio.

Tangu uhamie kwake Ngaramtoni nakumbuka siku ile uliporudi nyumbani kutoka hospitali. Ulijaribu kujiua, mdogo wangu. Naliandika neno lenyewe kwa sababu hapa nyumbani bado hakuna aliyelitamka. Jirani alipouliza pale getini, Mama alimjibu haraka, "Ni malaria, ilimpanda kichwani." Kufikia jioni kila mtu huku kwetu mlimani alijua una malaria.

Na watu wa kwetu unawajua wakisikia kuna mgonjwa. Akina mama wa jumuiya walikuja na mtori wa ndizi, wakaimba, wakaomba, na kila mmoja akaja na dawa yake. Mama alikuvalisha sweta la sufu na jaketi la Baba juu yake, ili wageni waone una homa. Jua lilikuwa kali hadi kuku wakajificha chini ya mibuni! Ukaletewa kikombe cha maji ya majani ya mpapai, ukanywa chote. Nilivyoona ulivyokunja uso nilishindwa kujizuia, nikacheka, na wewe ukacheka. Kwa muda mfupi nikakuona tena wewe wa zamani, yule fundi wangu wa mtaa wa Sakina, aliyekuwa akirudi kutoka gereji ana grisi hadi masikioni na kumwambia Mama kuwa ni manukato.

Wageni walipoondoka ulivua sweta, ukasema, "Dada, leo nimepewa pole nyingi sana, lakini hakuna hata moja yangu." Kisha ukaingia ndani kulala.

Maneno hayo hayaniachi. Napika nayo, nachuma kahawa nayo. Nimemkasirikia Mama, na wewe nimekukasirikia pia, sitakuficha. Ulitaka kuondoka bila hata kuniita! Hasira ikipoa nabaki na woga. Kila Shangazi akipiga simu, huwa simsalimii, namuuliza tu, "Yupo?"

Jana Mama alikuwa anamenya ndizi, akasimama ghafla.

"Hivi tulimuuliza?"

"Tulimuuliza nini, Mama?"

"Kilichokuwa kinamuuma."

Akaweka kisu chini, akalia kwa sauti, mbele ya Baba, mbele yangu. Hatukukuuliza, Elibariki. Tuliogopa kwamba tukilitaja jambo lile tutaliita lirudi. Lakini Shangazi anasema daktari wenu amemweleza kuwa kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo hilo. Kunampa nafasi ya kusema.

Basi nakuuliza mimi dada yako. Bado unatamani kufa? Usinijibu ili nifurahi. Kama bado, niambie hivyo hivyo, nami nitakaa na wewe. Sitakuhubiria. Unanijua nina mdomo, lakini siku hiyo nitaufunga. Na mawazo hayo yakikujia makali, usingoje mimi nifike. Mwamshe Shangazi, mwende hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku. Hakuna atakayekuona msumbufu.

Watu wakiuliza unaumwa nini, uamuzi ni wako. Ukitaka waambiwe, tutawaambia. Ukitaka tunyamaze, tutanyamaza. Ila malaria imetosha.

Jumamosi nakuja, na Mama anakuja. Hajui aanzie wapi, kwa hiyo ataanza na mtori, unamjua. Nilidhani atafungasha na nguo zako za baridi kama kawaida yake, lakini sweta lile amelitoa kwenye mfuko mwenyewe na kulirudisha kabatini. Amesema nikuambie utupokee ukiwa umevaa shati lako tu.

Ni mimi dada yako, mwenye mdomo.