Aliyepanda Mizabibu

Makutupora, mwezi wa nane

Baba Ruthu, mume wangu,

Sisi wazima, upepo tu ndio hautuachi. Ruthu anatembea sasa. Akiona mwanaume yeyote mwenye miwani, anamwita baba.

Mizabibu uliyoipanda kabla ya kwenda ng'ambo kusomea Kiebrania imezaa kwa mara ya kwanza. Mama yako amekataza mtu yeyote kuonja kabla yako, basi zabibu zinasinyaa juani tunaziangalia. Jirani yetu Gerson huja kila jioni kunisaidia kufukuza ndege. Anajua kuchekesha.

Nimesikia umeongeza mwaka mwingine. Haya.

Jumapili kanisani tulisoma Kumbukumbu la Torati, pale askari aliyepanda mizabibu na hajala matunda yake anapoambiwa arudi nyumbani, asije akafa vitani, mtu mwingine akayala. Mwinjilisti alisema shamba hilo ni Kanisa. Sikubisha. Lakini wewe unayeyasoma Maandiko kwa lugha yake yenyewe, hebu niambie: yule mtu alirudi?

Jana Gerson aliomba kishada kimoja tu. Nilimjibu kwamba mwenye shamba yuko njiani.

Usinifanye mwongo.

Mkeo,
Hilda