Dawa Iliyomuunguza Hamu

Kwa mdogo wangu Konda, uliyenyonya ziwa nililoliacha mimi,

Pokea salamu zetu za huku juu. Sisi ni wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, nalo limeshazoea kuniuma kama nilivyozoea kulitukana. Wewe je? Kifua kimepoa? Shemeji bado anakoroma mpaka nguruwe wanahama? Mahindi yamekauka vizuri, farasi jike amezaa, na paa tumeliezeka upya upande wa mvua. Anayeandika ni Adriana, mke wa mchungaji, maana unajua mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mzigo wa kuni. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinisafishe. Anasema hilo la nguruwe si la kumwambia shemeji. Nimemwambia aliache hapo hapo.

Ningepiga simu, lakini huku simu inashika kilimani tu, kwenye makaburi, na ukipanda kule kila mtu anakufuata na sikio lake. Tena kwenye simu ungeniambia, basi dada, yamekwisha, kabla sijafika ninakokwenda. Barua haina wa kuikatiza.

Nimesikia mwanao Ngana anafunga chumba chake cha kutibu meno mwisho wa mwezi. Nimesikia kile kiti kinachopanda na kushuka ameshakitafutia mnunuzi, na yeye anataka kuvuka bahari aende Surabaya akauze dawa kwenye duka la mtu. Yote kwa sababu ya mdomo wa Hamu. Tangu niyasikie hayo tambuu hainikolei.

Ngoja nianze mwanzo, maana wewe ulipata vipande.

Unajua mjukuu wangu Hamu ufizi wake ulikuwa ukitoka damu tangu usichana. Mwaka jana meno mawili ya chini, ya mbele, yakaanza kucheza kama vigingi kwenye mchanga. Mwalimu mzima, anafundisha huku kaziba mdomo kwa kitabu! Kwenye kwaya anaimba kabana midomo, nikamwambia anaimba kama kuku aliyemeza kamba. Akacheka, halafu akalia. Mimi, ninayetwanga tambuu kwenye kinu kwa sababu nina meno matatu tu, nilijua analilia nini. Ndipo tukashuka naye mjini Waingapu kwa Ngana.

Ngana alinieleza. Siwezi kusema hakunieleza. Alisema meno yenyewe hayana ubaya, kilichoondoka ni udongo wake: uchafu umejificha chini ya ufizi, mfupa umelika, jino limebaki kama mti ukingoni mwa korongo. Angefungua ufizi, asafishe mizizi, ajaze shimo kwa chembechembe nyeupe za mfupa wa ng'ombe uliosafishwa, afunike kwa kitu chembamba kama utando wa yai, kisha ashone. Nikamuuliza utando wa nini. Akaniambia, Mama Mkubwa, ufizi ni magugu na mfupa ni mahindi; magugu yanakimbia, mahindi yanajikongoja; bila ua wa kuyazuia, magugu yatajaa shimoni kabla mahindi hayajachipua. Mimi ni mkulima, Konda. Nilielewa.

Akasema Hamu ale uji na viazi vilivyopondwa, asiguse tambuu miezi sita, na kidonda kisichokonolewe hata kikionekana kibaya namna gani. Kisha akanishika mkono huu wenye vidole vyekundu vya tambuu, akauinua mbele ya watu waliokuwa wakingoja kwenye benchi, akasema, na huu mkono, Mama Mkubwa, huu ndio ninaouogopa, usiingie humo. Watu wakacheka. Mwanamume mmoja mwenye shavu lililovimba alicheka mpaka akajishika taya. Na mimi nikacheka.

Lakini neno lile lilinikaa rohoni. Mtoto niliyemwogesha, jino lake la kwanza nililing'oa mimi kwa uzi wa kufumia! Kinywa gani hapa kijijini sijakitibu?

Siku ya tisa baada ya kushonwa Hamu aliamka kavimba kidogo, na kinywa kinanuka kidogo. Mchana lori likaleta kifurushi cha Ngana, chupa ya dawa ya kusukutua. Kabla jua halijashuka, mtoto anaungua. Ufizi uligeuka mweupe kama ngozi iliyomwagiwa maji ya moto, ukababuka. Mpaka tunamfikisha Waingapu, utando hakuna, chembe zile hakuna, na jino moja likamtokea Ngana vidoleni kama mbegu ya papai bivu. Ngana akauliza mmeweka nini humu. Hamu akasema, dawa yako uliyoituma, Bibi kanipaka. Ngana akanitazama. Mimi nikatazama feni.

Tukarudi. Watu wakaja kumpa Hamu pole, na mgeni huwezi kumuuliza hata jina kabla hujamsogezea kikapu cha tambuu. Neno likisemwa kikapu kikiwa katikati, hilo si neno la kupita. Mke wa Umbu Rihi, jirani yetu, akaniuliza kama ni kweli mtoto wa Konda kamchoma mwenzake. Nikaendelea kutwanga. Kisha nikasema, dawa za mjini hizo. Basi, maneno manne. Likaenda nyumba ya pili, ya tatu, ya nne, na kila nyumba nilikuwapo, nimekaa na kinu changu. Mzee Danga akasema Ngana anachemsha mifupa ya mbwa na kuwajaza watu vinywani. Watu wakacheka, nami nikawa wa kwanza kucheka. Tangu hapo hakuna wa huku aliyepanda lori kupeleka jino kwake.

Nawe ukaniletea habari kwamba Ngana amemwaga chupa zake zote. Kwamba alizinusa moja moja, akazionja kwa ulimi wake mwenyewe akitafuta iliyoharibika, hakuipata. Kwamba anasema, kama mikono yangu imemuunguza mtoto wa dada yangu, nitaitia kinywani mwa nani tena?

Konda, kaa chini.

Dawa ya Ngana haikuingia kinywani mwa Hamu hata tone. Ile chupa niliificha ndani ya mtungi wa mpunga, na mpaka leo kizibo chake hakijafunguliwa. Kilichomuunguza ni chokaa. Chokaa yangu ya tambuu, niliyoichoma mwenyewe kwa makombe ya bahari.

Adriana amesimamisha kalamu. Nimemwambia aandike.

Nilipoziona zile chembe nyeupe za Ngana nilijiambia, hii ni nini kama si chokaa? Mfupa na kombe, si vyote huwa unga mweupe? Siku ile ya tisa nikamlaza Hamu mapajani, nikafunua mdomo. Ncha ya ule utando ilikuwa inachungulia. Nikaivuta kwa kucha. Ua ule, Konda, nilioelezwa nikaelewa, niliung'oa mwenyewe. Kisha nikakandika chokaa mbichi ya kwenye kibuyu. Hamu akauliza ni nini hicho. Nikasema, dawa ya Ngana, imekuja na lori. Akatulia, akafumba macho, kwa sababu ni mimi niliyesema. Alipoanza kuungua alinishika huu huu mkono, akaubana.

Nisiseme ni ujinga wa kutosoma. Ujinga ulikuwapo, lakini uliopaka chokaa ni wivu. Nilitaka mtoto apone kwa mkono uliochekwa, halafu niseme, mnaona? Hakupona, nikamwachia Ngana moto niliouwasha mimi.

Jana asubuhi nilimwambia Hamu. Alikuwa anasahihisha madaftari. Hakupiga kelele, heri angepiga. Alisema, Bibi, nilipokuwa naungua ni wewe uliyenipepea. Kisha akarudi kwenye madaftari yake, na tangu hapo ananisemesha kwa adabu, kama mkwe.

Leo nimebeba kikapu changu kwenda nyumba zile nne, maana neno lililosemwa juu ya tambuu linafutwa juu ya tambuu. Mke wa Umbu Rihi amekataa tambuu yangu. Alisukuma kikapu kwa kidole kimoja, akasema, kumbe bibi kizee umetutafunisha uongo. Unajua kukataliwa tambuu ni nini kwetu. Nimetafuna peke yangu, nimemeza. Mzee Danga alicheka, halafu akasema basi na yeye ana uongo wake wa mifupa ya mbwa wa kumwomba Ngana radhi. Bado nyumba mbili, nitakwenda kesho. Jumapili nitasema kanisani kwa mchungaji, na Adriana hapa ni shahidi kwamba nimeahidi.

Sikuombi unisamehe kwa karatasi. Nitakuja na kikapu, na kitambaa nilichokuwa nafuma kwa ajili ya maziko yangu. Apewe Ngana, mimi nitazikwa kwa shuka. Mkitaka kunifungia mlango, nitakaa nje mpaka mnichoke.

Lakini hili haliwezi kunisubiri. Lile jino la pili la Hamu bado linacheza, na Ngana alisema mfupa wake haujaisha wote, bado lina ukuta wa kushikia, pengine laweza kuoteshwa upya. Hamu alikuwa akiapa hatakalia kile kiti tena. Barua hii anakuletea yeye mwenyewe, pamoja na ile chupa yenye kizibo chake. Nilitaka kumsindikiza, akasema hapana Bibi, nakwenda peke yangu. Ameshapanda lori mbele, kafunga mdomo kwa kitambaa kwa ajili ya vumbi, anangoja barua hii tu. Mwambie Ngana asiuze kiti kabla Hamu hajakikalia.

Msalimie shemeji, wasalimie majirani wa ukuta kwa ukuta, na ukifunge kifua chako usiku. Ngana usimpe salamu yangu; nitaileta mwenyewe.

Mimi dada yako,
Kahi
(alama ya kidole gumba; Adriana amenishika mkono)