Si Baiskeli Yako, Wifi

Nyumba ya mwisho,
Nyuma ya Kiwanda cha Mbao.
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa wifi,

Habari za siku nyingi? Najua ni nyingi mno, na aliyezifanya ziwe nyingi ni mimi. Hata hivyo acha nianze na salamu kama watu wanavyoanza. U hali gani? Mgongo bado unakusumbua ukisimama sana kazini? Shemeji hajambo? Wale mapacha wako nasikia wameshakupita kimo. Sijui mnawalisha nini huko.

Sisi tunapumua. Mama yuko vizuri kwa umri wake. Sukari imetulia, masikio tu ndiyo yamegoma, au anayagomesha mwenyewe, maana tukimteta kidogo jikoni anaitikia kutoka chumbani. Binti yetu amefunga shule wiki iliyopita. Mimi niko pale pale kwenye cherehani, mapazia ya ofisi na sare za wanafunzi. Mikono haijachoka, ila siku hizi siwezi kutunga uzi bila miwani.

Wifi, barua hii nimeianza mara tatu nikachana. Nimeamua kuandika kwa sababu kwa simu nitalia, nitakata, nawe utabaki na nusu ya maneno. Nusu ya maneno ndiyo iliyotufikisha hapa tulipo.

Siku ya msiba ulinipigia huku unalia, unatafuta tiketi. Nami, mbele ya watu, nikakwambia, "Zawadi yako imeniulia mume." Nilikusikia ukivuta pumzi, kisha simu ikakatika. Hukuja, na sikulaumu. Nani angekuja kwenye nyumba aliyofukuzwa kwa maneno kama yale? Miezi saba sasa. Mama unamtumia dawa zake, binti unamwandikia, mimi hunitaji. Una haki.

Naomba sasa unisikilize mpaka mwisho. Hukuwepo, na hakuna aliyekusimulia.

Unamkumbuka kaka yako alipokuwa mzima. Wiki nzima anapima viwanja vya watu, na ikifika Jumamosi asubuhi anapanda baiskeli yake kwenda mlimani, juu ya msitu. Alikuwa akisema huko tu ndiko asikoulizwa mpaka uko wapi. Miaka kumi na tisa ya ndoa, sikumbuki Jumamosi aliyokaa nyumbani, labda ile aliyozaliwa binti, na hata siku hiyo alichelewa.

Moyo ulipopanuka, daktari akamwambia mlima basi. Miezi kumi na moja alikaa kwenye kile kiti cha jikoni kinachotazama dirishani. Wewe hukumwona wakati ule. Hakuwa anagomba wala kulalamika. Alikuwa anasema "sawa". Unywe chai? Sawa. Nifunge dirisha? Sawa. Mkandarasi amekuja kuchukua vifaa vyako vya kupimia? Sawa. Kuna siku nilitamani anitukane, angalau nijue bado yumo ndani.

Ndipo uliponipigia, umesoma habari za baiskeli za umeme za mlimani, zile nyepesi. Ukaniuliza, nakumbuka kila neno: "Wifi, nitume, au nitakuwa namchimbia kaburi?" Mimi nikasema, "Tuma." Sikukwambia subiri kwanza nimwulize daktari. Sikukwambia hata subiri nilale nilifikirie. Nilikuwa nimechoka kuishi na kiti kinachosema sawa.

Hilo sijapata kumwambia mtu. Uliniuliza, nikakujibu tuma, na alipokufa nikakugeukia wewe kana kwamba sikuulizwa. Lilikuwa linanichoma mikononi, nikakurushia.

Daktari tulimwona baadaye, baiskeli ikiwa njiani. Alikuna kidevu, akakubali kwa masharti: mapigo ya moyo yasizidi mia moja na kumi kwa dakika, avae mkanda wa kifuani unaoyapeleka kwenye saa ya mkononi, na asishindane na mtu. "Mota ndiyo ifanye kazi," alimwambia. "Wewe kazi yako ni kutazama miti."

Sanduku lilipofika tulimwita Spoku, yule fundi baiskeli wa kwenye kona mwenye miguu myembamba kuliko spoku za matairi anayotengeneza. Aliinyanyua kwa mkono mmoja akashangaa. Kilo kumi na saba, wifi. Betri imefichwa ndani ya fremu, mota ni ndogo kama bakuli, imekaa pale pedali zinapozungukia. Usipokanyaga haiendi. Ukikanyaga, inakusaidia kama mtu anayekuwekea kiganja mgongoni.

Ila shokomzoba zake zilikuwa ngumu kama jiwe. Dukani walikuwa wamezijaza upepo wa mtu wa kilo themanini, kwa kuwa ndivyo ulivyowaambia. Kaka yako akaipanda, mimi nimeshika usukani, Spoku amechutama kutazama kile kipete cha mpira kwenye mguu wa shokomzoba, kinachoonyesha imezama kiasi gani. Hakikusogea. Spoku akasema, "Mpima, panda basi tuone." Kaka yako akamjibu, "Nimepanda muda mrefu." Tukacheka mpaka Mama akatoka kuuliza kuna nini.

Tulimpima kwenye mizani. Sitini na mbili. Alizitazama namba zile kidogo, akasema, "Dada yangu ananijua wa zamani." Kisha akachukua pampu mwenyewe, akapunguza upepo, akapanda, akashuka, akaongeza, akapanda tena, na viatu na mkoba wa mgongoni, maana uzito wote lazima uhesabiwe. Inatakiwa izame robo ya urefu wake, si zaidi. Mara saba. Spoku alisema inatosha tangu mara ya tatu, lakini unamjua ndugu yako, neno "karibu" kwake halikuwa kipimo. Matairi nayo vivyo hivyo, la nyuma gumu kidogo kuliko la mbele. Urefu wa kiti, pembe ya breki ili vidole viwili vizifikie bila kunyooka. Mimi nikaandika namba zote kwenye karatasi tukaibandika mlango wa friji.

Jumamosi ya kwanza nilitangulia kwa miguu mpaka kwenye tangi la maji, nusu ya mlima, kwa hofu. Nikamsikia kabla sijamwona. Alikuwa anapanda huku anaongea! Anamweleza Spoku, aliyekuwa anasukuma baiskeli yake nyuma huku ulimi nje, habari za kiwanja fulani walichogombania ndugu wawili. Miaka yote alikuwa akipita pale hawezi hata kuitikia salamu kwa kuhema. Alirudi nyumbani ana matope mpaka kwenye meno. Tukakaa kula, akaonja, akasema, "Mama binti, mboga hii umezidisha chumvi."

Nilikwenda chumbani nikalia kwa furaha, wifi. Hakusema sawa.

Sitaki kukuficha kitu, kwa hiyo na ugomvi nitakwambia. Mwezi wa pili tangu aanze kupanda niliona kwenye saa yake mia moja na ishirini na moja. Kumbe kwenye simu mtu anaweza kupanga mota isaidie kiasi gani, naye alikuwa ameipunguza kimyakimya, wiki baada ya wiki, apande kwa nguvu zake.

"Kwa nini?" nikamwuliza.

"Ikinisukuma sana sijisikii kama nimepanda."

"Si ndiyo maana dada yako ameileta?"

"Unataka nipande kama mzee?"

"Nataka ushuke," nikamwambia. "Kupanda panda unavyotaka. Mimi shida yangu ushuke."

Hatukusemeshana siku mbili. Siku ya tatu alikuja kwenye cherehani yangu na simu, akanionyesha anairudisha mota ilipokuwa, mbele ya macho yangu. Tangu hapo kila akirudi alikuwa ananinyooshea mkono wenye saa kabla hata hajavua viatu. Tisini na nane. Mia na mbili. Tisini na tano. Nilikuwa nazisoma kama matokeo ya mtihani wa mtoto.

Ile Jumamosi ya Februari hakuwa na dalili yoyote. Alilalamika breki ya nyuma inalia, akaifuta diski kwa kitambaa nilichokuwa nimekikata kwa kazi, nikamgombeza. Ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake, habari za kitambaa. Aliondoka saa moja asubuhi. Kwa kawaida saa nne yuko nyumbani. Saa nne na nusu mlinzi wa msitu akanipigia kwa simu ya kaka yako.

Alimkuta kileleni, amekaa chini, ameegemea mwamba. Baiskeli ameilaza kwa ubavu usio na mnyororo, kama alivyoilaza siku zote, kofia yake ngumu iko magotini. Hakuwa ameanguka. Hakuwa na hata mchubuko. Lakini mimi katika simu ile nilisikia maneno mawili tu, "kileleni" na "baiskeli", na hayo ndiyo niliyowaambia watu, na wewe.

Mwezi wa Aprili binti akaniomba saa ya baba yake tutazame ilichoandika. Sikutaka. Akamchukua Spoku, wakaifungua kwenye simu, kisha wakaniita. Kila dakika imeandikwa, wifi. Njia nzima ya kupanda, namba ya juu kabisa ni mia moja na nne. Alifika kileleni saa mbili na dakika arobaini. Baada ya hapo zinashuka: themanini na nane, sabini na tisa, sabini na nne. Ni moyo wa mtu aliyepumzika. Dakika ishirini na sita alikaa pale anatazama chini huku kwetu. Kisha namba zinaruka ovyo, kisha hakuna.

Nilizipeleka kwa daktari. Alizisoma zote, akavua miwani. "Mama, moyo ule ungesimama popote," akaniambia. "Ungesimama kitandani. Ungesimama amekaa jikoni kwako." Nikamwuliza kama baiskeli iliuharakisha. Akasema kiapo hawezi kula, lakini kwa anachokiona pale, hapana. Nakupa maneno yake kama alivyonipa, sijayatia sukari.

Hilo nalijua tangu Aprili, na leo ni Septemba. Miezi mitano nimekuacha na mzigo usio wako, kwa sababu kukuandikia kulitaka nikiri na lile neno "tuma".

Kilichonisukuma ni jambo la mwezi uliopita. Baiskeli ilikuwa stoo tangu msiba, matairi yamelala. Binti akaomba aipande. Nikakataa, akaomba tena, akasema baba alimwahidi akifika miaka kumi na sita. Nikamwita Spoku. Akapampu tairi, akashusha kiti, akampandisha mtoto, akachungulia kipete. Shokomzoba haikuzama vya kutosha. Akanitazama akasema kwa sauti ndogo, "Huyu ana kilo hamsini. Lazima nitoe upepo."

Wifi, upepo ule alikuwa ameutia kaka yako kwa mkono wake. Nilimwambia Spoku asiguse. Nilisimama mlangoni mwa stoo nimemzibia njia kama kichaa, na mtoto juu ya baiskeli machozi yanamtoka, anataka kushuka.

Mama ndiye aliyetutoa pale. Sijui alisikia vipi. Alikuja na fimbo yake, akanishika bega, akasema, "Huo ni upepo tu, mwanangu. Mwenyewe tumeshamzika."

Kisha yeye, aliyekuwa hajalia mbele yetu tangu siku ya mazishi, akalia. Tukakaa wote watatu sakafuni stoo, na Spoku wa watu amesimama na pampu mkononi hajui atazame wapi. Baadaye nikamwambia atoe. Ulitoka kwa sekunde tatu, nne hivi.

Binti sasa anakwenda mpaka kwenye tangi, bado sijamruhusu kupita hapo. Anapanda vizuri, ila kwenye kona anabana breki mno. Juzi aliniuliza, "Mama, shangazi nimwambie nini kuhusu baiskeli?" Nikamwambia hilo nitaandika mwenyewe.

Basi nimeandika. Nakuomba radhi, wifi. Radhi ya neno nililokurushia, na ya kukuacha nalo muda wote huu. Sikuombi unijibu upesi, wala usahau. Naomba tu ujue.

Na jambo moja zaidi. Nimekaa na kalenda nikahesabu, kuanzia siku ile aliyorudi na matope mpaka siku ile ya mwisho. Kaka yako alipata Jumamosi ishirini na mbili. Asingezipata. Zote umempa wewe.

Nisalimie shemeji sana, umwambie suruali zake zilizobaki hapa nimezipunguza kiuno bila idhini yake na sijuti. Wabusu mapacha hata wakikataa. Mama anakusalimu, anasema dawa zimefika, na ukipiga simu upaze sauti. Binti anamsalimu shangazi yake. Spoku naye anasalimu. Mungu akulinde unapolala na unapoamka, na mgongo wako aupe nafuu.

Ni mimi niliyekukosea, na bado nakupenda,

Wifi yako wa cherehani.