Jina kwenye Keki

Gulfton, Houston
Jumapili jioni

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na mapenzi mengi, nikitumaini goti halikusumbui kama lilivyokusumbua wakati wa mvua, na kwamba kikohozi kimekuacha upumue. Mimi ni mzima wa mwili. Kazi ya kuwatunza wazee kule Sugar Land inaendelea, na wapo wanaonigombeza vizuri mpaka nakukumbuka wewe. Barua hii anakuletea Kagendo, tunayeimba naye kwaya hapa, anayekuja nyumbani kwa likizo. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na haya nataka uyasikie hadi mwisho.

Najua unachongojea kwanza ni habari za mjukuu wako. Ametimiza miaka sita. Amerefuka, ana pengo la meno mawili ya mbele, na paji la uso ni lile lile lako, ungedhani mlikopeshana. Mwezi uliopita mama yake, Chepngetich, alinipigia akanialika kwenye sherehe ya siku ya kuzaliwa ya mtoto. Nilishangaa. Tangu tulipoachana na yeye akahamia Plano, huzungumza nami kama anavyozungumza na mtu aliyeleta gesi. Nikafikiri moyo umelainika, na kwamba hatimaye atanijibu kuhusu safari ya Agosti. Mwaka mzima nimemwomba aniruhusu nimlete Gathoni kwako, naye kila mara husema atafikiria. Nami nilijua umekwisha kuwatangazia kina mama wa kanisa kwamba wajina wako anakuja, na kwamba umepaka chumba rangi. Basi niliendesha gari kutoka Houston hadi karibu na Dallas nikiimba peke yangu kama mlevi.

Sijui nikueleze vipi mahali pale. Ni hoteli iliyozungukwa na michezo: kuna mitelezo ya maji mirefu kuliko kanisa letu, kuna vigari vya reli vinavyowapindua watu miguu juu, na wamelipia wapinduliwe, na kuna mtu mzima aliyevaa vazi la dubu akikumbatia watoto wa wenyewe. Watoto wote walikuwa wamevishwa masikio ya sungura. Walikuwapo wenzake wa shule na wazazi wao, watu wa heshima wa Plano, na Onyancha, yule bwana wa ofisini kwa Chepngetich ambaye siku hizi ndiye mwenye nyumba yao kule Plano. Sina baya la kumsema, na hilo pia linaniudhi.

Nilipomwona mwanangu nilisahau nilipo. Nikamwita Mama kwa sauti yangu ya kawaida, nikamwambia Mama njoo unikumbatie. Wewe unajua nimemwita hivyo tangu azaliwe. Kwetu ningemwitaje mtu aliyebeba jina la mama yangu? Wenzake walicheka wakashika matumbo. Mmoja akamuuliza inakuwaje baba yake amwite mama, kwani yeye ni mtoto au ni bibi kizee. Alikuja, akanikumbatia haraka haraka, kisha akanong'ona kwa Kiingereza kwamba tafadhali nisirudie.

Hilo nililimeza. Lakini keki ilipoletwa sikuweza kunyamaza. Ilikuwa kubwa, ya rangi ya waridi, na juu yake imeandikwa Ella. Nikamwambia binti aliyeileta kwamba amekosea meza, mwenye siku yake hapa anaitwa Gathoni. Akasema hapana, ni hapa hapa. Nikamwambia mimi ndiye baba, najua jina la mtoto wangu. Nikapandisha sauti, Mama, nikamtaka amwite mkubwa wake, nikasema wasidhani kwa kuwa sisi ni weusi basi watoto wetu wote ni mmoja. Chepngetich alitazama chini. Ndipo nikahisi shati langu likivutwa, na mwanangu, machozi yakimlengalenga, akasema polepole kwamba hawajakosea. Ella ni yeye.

Waliimba. Ilipofika pa kutaja jina nilifungua mdomo na hakikutoka kitu.

Baadaye watoto walipoingia majini, Chepngetich aliniketisha kando, na hapo nikajua nilialikwa kwa nini. Aliniambia shuleni wamelipotosha Gathoni wakamwita Makaroni, kama tambi, tangu siku ya kwanza, mpaka ikafika mahali asubuhi mtoto anakataa kushuka garini, na yeye mwenyewe amechoka ku-spell hilo jina kila anapokwenda. Ella alilichagua mtoto. Sasa anataka libadilishwe kisheria, na bila mimi kukubali mahakama itasumbua. Nilimwambia jina la mama yangu si kiatu, kwamba likikubana unalivua. Akajibu bila hasira kwamba yeye aliitwa Chepngetich kwa kuwa alizaliwa ng'ombe wakipelekwa malishoni, na hakuna ng'ombe aliyewahi kuja kumdai. Nilitaka kucheka na nilitaka kupindua meza. Kisha akasema neno lenyewe: nikikubali, Agosti nimchukue mtoto mwezi mzima. Nikikataa, tutaonana mahakamani, na safari niisahau.

Nilikwenda nikasimama kando ya bwawa. Nilikuchukia kidogo, Mama, kwa kuwa na jina. Nilimchukia Chepngetich, na mimi mwenyewe nilijichukia kuliko wote kwa kuondoka nyumbani. Mwanangu aliteremka kwenye mtelezo akipiga mayowe ya furaha, wenzake wakimwita Ella, Ella, naye akigeuka kila walipomwita. Nikaita Gathoni, mara moja tu. Hakugeuka. Labda ni kelele za maji, ndivyo ninavyojiambia.

Mama, nimekubali. Hili ndilo nililoogopa kukuambia kwa simu. Nimeuza jina lako kwa mwezi mmoja, wala sikukuomba ruhusa. Nilijiambia jina halikai mapajani pako, halinywi uji wako, na wewe mtoto huyu hujampakata hata siku moja. Kama nimekosea, ukitaka kunilaani ngoja kwanza nifike.

Tutakuja wiki ya kwanza ya Agosti, Mungu akipenda. Nisalimie kaka Sospeter na watoto wake, na wote wanaoniulizia. Waambie kina mama wa kanisa mapema, asije mmoja wao akamsalimia kwa jina lako akanyamaziwa. Na wewe, tafadhali, jizoeze. Najua ndimi zetu sisi Wakikuyu, l hutuponyoka ikawa r, na kwako litatoka Era. Lirudie polepole ukichambua mboga, mpaka litoke sawasawa, maana ndilo atakaloitikia.

Mungu akutunze hadi tuonane.

Ni mimi mwanao,
Wanjohi