Jiko la Mkaa Chumbani kwa Mzazi

Muleba, Jumapili. Mvua haijakatika.

Bati ndilo linaloniogopesha. Katika msonge wa zamani, sumu ya moto ilikuwa ikipenya kwenye nyasi na kwenda zake. Nyumba hizi mpya za kijiji hazipumui.

Leo Ma Paulina, mama wa mkwe wangu Yustina, aliingiza jiko la mkaa chumbani kwa binti yake na kitoto chake kichanga, akafunga dirisha. Mzazi sharti aote moto. Nami baba mkwe siruhusiwi kukanyaga chumba hicho, kwa hiyo nilisimama uani nikilowa.

“Paulina, hewa ya mkaa inaua, na haina harufu!”

“Mzee, huko kwenu ng’ambo ya mto wazazi hawaoni baridi?”

Nimezeekea hapa, bado ni “huko kwenu”.

Nilikuwa nimekwisha shika mlango, aibu na iwe aibu, ulipofunguka. Yustina, mtoto begani, alikuwa akilisukuma jiko nje kwa mguu.

“Mama, kwenye darasa la watu wazima tumeambiwa jiko halilali ndani. Niletee maji ya moto, yatanitosha kwa baridi.” Kisha akaniona. “Tata, mbona umelowa hivyo? Haya, ota wewe.”

Nikaota, Paulina akinuna.

Zamani, kila masika, tulisikia watu wamekutwa wamekufa kando ya jiko, mara Karagwe, mara Iringa. Miaka hii habari hizo zinapungua. Nilikuwa nikijiuliza ni nani anayezipunguza.

Mtoto analia nyuma ya ukuta. Ana mapafu mazima, huyu.